Mistari Mitatu ya Chaki

Mama Njugu alichota udongo kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini, akafumba macho. Hakuutema. Aliuzungusha mdomoni taratibu kama mpishi anayeonja chumvi, akitafuta kitu kimoja tu: ladha ya sabuni.

"Mama, unakula udongo?"

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, mwanasesere kwapani. Alizaliwa mdogo mno, ndiyo maana wakamwita Njugu, na jina likamganda hata alipoanza shule.

"Sili. Nauuliza swali."

"Unajibu?"

"Bado."

Mtoto aliridhika, akaenda zake. Alikuwa katika umri ambao kuuliza udongo swali si jambo la kushangaza. Mama Njugu akasukutua, akatemea maji nje ya reli, akainama tena juu ya mimea yake kama daktari asiyejua amwambie nini mgonjwa.

Roshani yao ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mnene angeweza kuivaa. Ukinyoosha mikono, vidole viligusa kuta zote mbili. Ukitaka kugeuka, ilibidi uamue kwanza unageukia wapi. Lakini ndani ya upenyo huo mwanamke huyu alikuwa ameingiza bustani nzima. Mumewe alikuwa fundi wa kutengeneza friji, na friji zilizomshinda hazikutupwa. Droo za mboga zilijazwa udongo na mboji zikawa vitalu vya nyanya na pilipili. Rafu za waya zilipigiliwa ukutani moja juu ya nyingine hadi karibu na dari, zikabeba makopo. Kile kipande cha mlangoni cha kuwekea mayai kilikuwa na miche ya mrehani, kila mche na shimo lake. Yasmini ulipewa reli uipande.

Wala hapakuwa na kitu kilichokaa mahali pake kwa bahati. Kabla hajapanda hata mbegu moja, Mama Njugu alikaa wiki nzima roshanini na chaki. Asubuhi alichora mstari mwekundu pale jua lilipoishia. Adhuhuri akachora mweupe. Alasiri, wa buluu. Mistari mitatu ikapita sakafuni na kukwea ukuta, na yeye akaisoma kama wengine wanavyosoma ramani. Nyanya na pilipili zikapewa pale palipoguswa na jua mara zote tatu. Mrehani ukawekwa ubavuni. Mnanaa, ambao haunung'uniki, ukasukumwa kwenye kona nyuma ya mlango, pasipofika jua kabisa.

Chaki ile ilikuwa wazo lake mwenyewe. Hakufundishwa na mtu. Miaka yake yote ya kazi aliitumia kwenye kitalu cha miche nje ya mji, uwanja mpana usio na ukuta wala ghorofa, ambako jua lilimwagika kwa wote sawasawa na hakuna aliyehitaji kulipima. Mjini ndiko alikogundua kwamba jua hugawiwa kwa vipande kama kitambaa, na aliyebahatika kupata kipande sharti aijue mipaka yake. Kwa hiyo alijivunia chaki yake kuliko wengine wanavyojivunia cheti.

Sasa majani ya nyanya yalikuwa yanageuka njano. Mashina yalirefuka, yakawa membamba, yakainamia nje ya reli kama watu wanaochungulia barabarani wakimsubiri mgeni. Pilipili ziliangusha maua kabla ya kufunga matunda. Mrehani ulipauka. Mnanaa peke yake, kule nyuma ya mlango, ulinawiri kana kwamba msiba wa wenzake ulikuwa haumhusu.

Na Jumamosi daktari wa meno angekuja. Daktari huyo alikuwa na kichochoro nyuma ya kliniki yake, kati ya ukuta na mapipa, ambacho wagonjwa walikitazama kupitia dirishani wakisubiri zamu. Alitaka kipandwe kitu cha kumtuliza mtu anayekwenda kung'olewa jino. Mama Njugu alipompelekea picha za bustani za watu, alizirudisha. Alisema anataka kuona Mama Njugu mwenyewe anaishi vipi na mimea yake. Ingekuwa kazi yake ya kwanza kwa jina lake, si kwa jina la kitalu.

Udongo haukuwa na sabuni, au ulimi wake haukuipata. Lakini alikwisha kujua anamtafuta nani.

*

Waliokuwa wakiishi humo ni wanne: Mama Njugu, mumewe, mtoto, na dada wa mume, ambaye nyumba nzima ilimwita Shangazi kwa kumfuata mtoto. Shangazi alikuwa dobi. Aliwafulia watu wa jengo lile na majengo ya jirani, akalala kwenye chumba cha nyuma, ambacho dirisha lake lilitazama uchochoro.

Walipohamia, na hata mwaka haujaisha tangu hapo, roshani ilikuwa ya Shangazi. Alifunga kamba yake pale siku ya kwanza, kabla hata ya vitanda kuingizwa. Kisha Mama Njugu akaiomba. Alieleza kuhusu jua, kuhusu kazi, kuhusu ndoto yake. Mumewe, Fundi Friji, alipotakiwa kutoa kauli alifanya kile ambacho wanaume wengi hufanya wakiwa kati ya mke na dada: alisema waongee wenyewe, akaenda kutengeneza friji ambayo haikuwa imeharibika.

Shangazi hakubisha. Alifungua kamba yake, akaiviringa mkononi, akaipeleka dirishani kwake. Huko nyuma hakukuwa na jua. Shuka zilikaa na unyevu hadi zikanuka uvundo, na mteja mmoja alipanda ngazi kurudisha shati la mumewe akilishika kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbele, ili kila aliyekutana naye ajue. Shangazi alilipokea, akaomba radhi, akalifua upya. Nyumbani hakusema neno. Mama Njugu alizipata habari hizo ngazini na akaona aibu, ila haikuwa aibu ya kumrudishia mtu roshani yake.

Hayo yalikuwa mwanzoni. Siku za karibuni Shangazi alikuwa amebadilika. Alianza kuimba akisuuza. Nguo zilikuwa zinakauka kabla ya mchana kuingia, zinakunjwa zikiwa bado na joto, na wale waliokuwa wakinuna sasa walimletea hadi mapazia. Kila alasiri alipitisha mkono nyuma ya mlango wa roshani, akachuma jani la mnanaa la kutia kwenye chai yake.

Mama Njugu aliyapanga yote hayo kichwani. Nani katika nyumba hii anashika ndoo za maji ya sabuni kutwa? Nani alinyang'anywa roshani? Nani anaimba wakati nyanya zinakufa? Na kwa nini, kati ya mimea yote, umesalimika ule mmoja ambao yeye anautumia?

Hata hivyo hakutaka kudhulumu. Alikwenda kwa fundi saa chini ya jengo, akaazima ile lenzi yake ya kubana jichoni, akachunguza majani juu na chini. Hakuona mdudu, yai la mdudu, wala ukungu. Aling'oa mche mmoja wa pilipili akatazama mizizi. Ilikuwa myeupe na mizima. Aliporudisha lenzi alimweleza fundi saa hali ilivyo.

"Hata mimi hukutana nayo," yule mzee alisema bila kuinua kichwa. "Saa imesimama, ndani kila kitu kizima. Huwa namuuliza mwenye saa: nani mwingine anaishika?"

Mama Njugu akapanda ngazi na jibu lake.

*

Hakupanga kusema siku ile. Alipanga kungoja Jumamosi ipite. Lakini walipokuwa wamekaa kula jioni, sahani magotini, Shangazi alitoka jikoni na kikombe cha chai, na juu ya chai lilielea jani la mnanaa, bichi, zuri, limenyooka.

"Wifi," Mama Njugu alisema, "maji ya kufulia huwa unayamwaga wapi?"

"Chooni. Kwani siku hizi yanamwagwa wapi?"

"Yote?"

Shangazi akaweka kikombe chini. Fundi Friji akaanza kutafuna polepole, kama mtu anayesikia mlio kwenye mashine na anaomba isiwe mashine yake.

"Sema unachotaka kusema, wifi. Usinizungushe kama soksi kwenye beseni."

Mama Njugu akasema. Alitaja majani, maua yaliyoanguka, mizizi mizima, kuimba, mnanaa. Alitaja moja baada ya jingine, bila kelele, na kila alichokitaja kilisimama imara zaidi kuliko kilivyosimama kichwani mwake. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Alikuwa anajisikia raha.

Shangazi alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kuimba kwangu ni ushahidi," alisema. "Na nguo zangu kukauka ni ushahidi. Zilipokuwa zinanuka hukuniuliza kitu."

"Wifi, mimi nauliza tu."

"Uliniomba roshani, nikakupa. Kamba nikaifungua kwa mikono hii. Leo unataka nibebe na maiti za nyanya zako."

"Dada," Fundi Friji aliingilia, "hakuwa na maana ya..."

"Wewe kula."

Akala. Alikuwa na ndevu na mke na mtoto, lakini aliinamisha kichwa akala, kwa sababu mgongo uliombeba utotoni ulikuwa huo ulioketi mbele yake umenyooka kama ubao.

Shangazi akasema Jumapili anahama. Kulikuwa na dobi mwenzake upande wa pili wa mji, ambaye chumba chake kilikwisha kujaa watu, lakini nafasi ya mkeka haikosekani. Alilisema kwa sauti ya mtu anayepanga siku ya kupiga pasi. Kisha akachukua kikombe, akaliopoa lile jani kwa kidole, akaliweka ukingoni mwa sahani ya Mama Njugu, akaenda chumbani kwake.

Njugu akauliza kama Shangazi atahama na kitanda.

Baadaye, wakiosha vyombo, Fundi Friji alimuuliza mkewe jambo moja.

"Ule udongo uliuonja. Ulikuwa na sabuni?"

"Hapana. Lakini sabuni huisha ladha."

"Mimi nikiletewa friji isiyopoza," alisema akifuta sahani ambayo ilikwisha kuwa kavu, "siulizi nani ameiharibu. Kwanza natazama kama imechomekwa kwenye umeme."

"Bustani yangu haina waya."

"Haya," akasema, akaning'iniza kitambaa.

*

Daktari wa meno alifika Jumamosi asubuhi, viatu vyake vimeng'arishwa, macho yake yakitembea kila mahali kwa namna ya mtu anayependa kweli kujua. Mama Njugu alikuwa amemtolea kiti cha sebuleni, kile kizima, lakini kiti hakikupita mlango wa roshani. Wakakisukuma kwa ubavu, wakakigeuza miguu juu, wakakiacha. Mgeni akasimama mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Alizipenda droo za friji. Alicheka kwa furaha alipoona miche kwenye mashimo ya mayai. Hakusema lolote kuhusu majani ya njano, na Mama Njugu, aliyekuwa ameyachuma mabaya zaidi tangu alfajiri, aliona jinsi jicho lake linavyoyaruka kwa adabu.

"Na hii michoro?"

Hapa Mama Njugu alipata nguvu. Alieleza kuhusu wiki ile ya kupima, nyekundu, nyeupe na buluu, na jinsi kila mmea ulivyopewa jua lake kwa haki. Alisema hata kule kliniki angeanza hivyohivyo: kwanza chaki, mimea baadaye.

Daktari akainama. "Huu mwekundu ndio wa asubuhi?"

"Ndiyo. Jua linafika mpaka hapo."

Mgeni akautazama mstari. Kiatu chake kilikuwa kimekanyaga juu yake. Akakitazama kiatu.

"Si ndiyo asubuhi sasa?" aliuliza, bila hila yoyote, kama mtoto anavyouliza.

Kiatu kilikuwa kivulini. Mstari wote ulikuwa kivulini, na mwingine, na wa tatu.

"Ni mawingu," Mama Njugu alisema.

Wakainua macho pamoja. Mbingu ilikuwa buluu tupu, safi kama beseni jipya. Daktari ndiye aliyeinamisha kichwa kwanza, kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma mwenyeji kuliko kama angecheka. Alitoa karatasi laini mkobani, akafuta chaki kwenye kiatu, akashukuru kwa kukaribishwa, akasema atapiga simu. Mama Njugu alimsindikiza hadi ngazini, akarudi, akasimama palepale mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Aibu ilikuwepo, lakini kuna watu ambao udadisi wao huwahi kuamka kabla ya aibu. Aliutazama mstari mwekundu. Alikuwa ameyachunguza majani, mizizi, udongo. Alikuwa amemchunguza wifi yake hadi jani la chai yake. Mistari hakuichunguza hata mara moja. Aliichora mwenyewe, na mtu hakagui alichokiandika mwenyewe.

Akajilaza tumbo juu ya reli, akachungulia. Hakuna kilichojengwa mbele. Hakuna tangazo lililotundikwa, wala turubai. Chini, kivuli cha jengo lao wenyewe kilikuwa kimelala barabarani, na ncha yake ilifika hadi kwenye milango ya maduka ya ng'ambo. Mara ya mwisho alipokiangalia kivuli hicho hakikuwa upande huu kabisa. Akageuza shingo, akatazama juu, nyuma, hadi ukingo wa paa ukamzuia.

Jua lilikuwa limevuka. Lilikuwa linapita upande wa pili wa jengo.

"Haijachomekwa," alisema peke yake.

Akaingia ndani. Ukumbi wao ulikuwa na giza hata mchana, na mwisho wake, chini ya mlango wa Shangazi, kulikuwa na ufito mwembamba unaong'aa, kama mtu aliyelaza rula ya shaba sakafuni. Alipita hapo kila siku. Aligonga. Alikumbuka kwamba Shangazi amekwenda kurudisha nguo za watu kabla ya kuhama. Akafungua.

Chumba kilikuwa kimejaa mwanga. Shuka za wateja zilining'inia dirishani na jua lilipenya humo, likamwagika kitandani, likashuka hadi sakafuni. Katikati ya chumba lilikuwa sanduku la bati, limefungwa. Kitandani alilala Njugu, mwanasesere kifuani, macho wameyafumba wote wawili.

"Mama, funga mlango. Jua litatoka."

"Tangu lini linaingia humu?"

"Tangu zamani." Zamani yake haikuwa ndefu. "Kwanza lilikuwa dogo, likakaa dirishani tu. Halafu likashuka kitandani. Shangazi anasema hili ni letu."

Mama Njugu akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni. Chaki hazikuwa mbali naye kamwe. Akapiga magoti, akaufuata ukingo wa jua kwa mstari mwekundu, kutoka mguu wa kitanda hadi kwenye sanduku, na alikuwa bado yuko chini, uso karibu na sakafu, alipoona miguu miwili mlangoni.

"Unatafuta sabuni?" Shangazi aliuliza.

"Natafuta jua."

"Na hilo nalo nimeliiba mimi?"

Mama Njugu hakuinuka. Alieleza akiwa palepale, kwa sababu alihofia akisimama maneno yatapotea. Alisema kitaluni hakuna kuta, kwa hiyo jua likisogea kidogo upande huu au ule hakuna anayejua. Hapa jengo limesimama katikati kama mtu aliyetanua mabega. Sehemu ya mwaka jua linakuwa upande wa barabara, sehemu nyingine linakuwa upande wa uchochoro. Yeye alilipima wiki moja akadhani amelipima lote.

Shangazi aliuangalia mstari, akaziangalia shuka zake. Alizishika. Zilikuwa kavu.

"Mimi nilidhani ni ile sabuni mpya," alisema polepole. "Nimewaambia watu wote. Nimewaambia ina kitu ndani kinachokausha nguo."

Pembe ya mdomo wake ikacheza, na kwa kitambo kidogo wanawake hao wawili walikuwa karibu kucheka pamoja, kila mmoja kwa ujinga wake. Kisha Shangazi akaiziba ile pembe.

"Haya. Jua umelijua. Mimi je?"

Njugu alifungua macho.

"Nilikusingizia, wifi," Mama Njugu alisema. "Nilitaka liwe kosa la mtu, ili lisiwe la chaki yangu. Nisamehe."

Shangazi alizianua shuka, akazikunja kona kwa kona, akaanza kufungua kamba yake dirishani.

*

Jioni ile Mama Njugu hakungoja kupigiwa. Alimpigia daktari mwenyewe, akamwambia ukweli wote, hata wa mawingu. Akasema kama bado anamtaka, hatapanda kitu kliniki kwa sasa. Atakuja kila mwezi na chaki hadi mwaka ugeuke. Kama ana haraka, atafute mwingine. Daktari akauliza chaki za rangi zinauzwa wapi, maana angependa na yeye achore siku ambazo Mama Njugu hatakuwepo.

Hiyo ilikuwa habari njema, lakini nyumbani hapakuwa na wa kumwambia. Fundi Friji alikuwa akizungukazunguka ukumbini akigusa vitu. Alikwisha kuongea na dada yake mlango ukiwa umefungwa, akatoka amekunja uso kama mtu aliyeambiwa akale.

Asubuhi ya Jumapili sanduku la bati lilikuwa limesogezwa hadi mlangoni mwa chumba cha nyuma. Shangazi alikuwa amevaa nguo za safari. Alitoka kumuaga Njugu, akamkuta Mama Njugu roshanini, mikono imejaa udongo, anavunja mashina.

"Unafanya nini?"

"Nang'oa."

"Hizi si bado zina matunda?" Kweli zilikuwa nazo, mabichi, madogo kama kokoto.

"Hayataiva huku."

"Kwa nini usiyapeleke kule nyuma?"

Mama Njugu aliendelea na kazi bila kumtazama. "Nilikwisha kuchukua roshani yako. Dirisha silichukui."

"Mimi naondoka. Chumba kitakuwa cha nani?"

"Hakitakuwa cha mtu."

Shangazi akasimama. Huyu alikuwa mwanamke aliyekamua nguo hadi tone la mwisho, aliyeokota kibanio kilichoanguka ghorofa ya chini na kupanda nacho ngazi zote. "Kwa hiyo," alisema, "jua litakaa kule chumbani peke yake, na hizi zinakufa huku."

"Ndiyo."

"Upuuzi gani huo? Shika huko."

Akaikunja mikono ya gauni lake la safari, akashika droo ya nyanya upande mmoja. Wakaibeba ukumbini ubavuubavu, mmoja anarudi kinyumenyume, majani yakimfagia mwingine usoni, wakaliruka sanduku pale mlangoni, wakaitua chini ya dirisha. Fundi Friji na Njugu wakafuata nyuma na makopo, kimya, kana kwamba neno moja lingeharibu jambo.

Lakini chini ya dirisha palikuwa na kivuli. Jua lilipita juu ya mimea, likaangukia mbele yake. Mama Njugu akapima kwa kiganja. Akasogeza, akarudisha, akainama, akasahau kabisa kwamba kuna mtu anaondoka.

"Inakosa kimo," alisema. "Ikiinuliwa hivi tu, basi, itapata lote."

Fundi Friji akaleta kigoda. Kilikuwa na mguu mbovu. Akaleta mashine ya friji ya zamani. Ilikuwa fupi na ina mafuta. Shangazi aliwatazama wakihangaika, mikono kiunoni. Kisha akageuka, akaliwekea mguu sanduku lake la bati na kulisukuma. Lilikwaruza sakafu kwa kelele hadi ukutani, likauvuka mstari mwekundu, likatulia chini ya dirisha.

"Wekeni hapa."

"Wifi, hilo ni sanduku lako."

"Najua ni langu. Nimelipakia mwenyewe."

Wakaiinua droo, wakaiweka juu. Lilikuwa na kimo chenyewe hasa. Jua likazishika nyanya kuanzia majani ya juu hadi udongoni, na Njugu akapiga makofi mara moja, akaacha alipoona wakubwa hawapigi.

Shangazi akaifungua kamba yake kwenye furushi, akaanza kuifunga tena dirishani, juu zaidi ya mwanzo, ili nguo zisiifunike mimea. Alifunga fundo, akalivuta kulijaribu.

"Nguo zangu zitakaa juu, vitu vyako vitakaa chini," alisema. "Na maji yakidondoka humo, wifi, usije ukayaonja."

Mama Njugu alikuwa amepiga magoti, chaki mkononi. Alicheka, akajifuta jicho kwa mkono wenye udongo, akabaki na alama shavuni.

"Dada," Fundi Friji aliuliza kwa tahadhari kutoka mlangoni, "na ile safari?"

"Wewe hulioni sanduku lina mzigo juu yake?"

Akamtuma akalete beseni.